Nikon F: Namna ya Kuichagua, Kuikagua na Kuitumia Kamera Waliyoibeba Wapigapicha wa Vita vya Vietnam

Anayetaka kununua kamera ya filamu ya aina waliyoitumia wapigapicha wa habari vitani hana budi kujiuliza kwanza ni vita vipi anavyovifikiria, kwa sababu kila vita viliwakuta wapigapicha na chombo chake. Joe Rosenthal, aliyepiga picha ya askari wa Marekani wakisimamisha bendera katika kisiwa cha Iwo Jima tarehe 23 Februari 1945, alikuwa ameshika Speed Graphic, kamera kubwa yenye mvukuto mbele, inayotumia vipande vya filamu vya inchi 4 kwa 5 vinavyopakiwa kimoja kimoja. Robert Capa aliposhuka pamoja na askari kwenye ufuo wa Normandy tarehe 6 Juni 1944 alikuwa na Contax II mbili, kamera ndogo za Kijerumani zinazotumia mkanda wa milimita 35. Miaka sita baadaye, nchini Korea, David Douglas Duncan alitumia Leica zilizofungwa lenzi za Nikkor, zinazotengenezwa na kampuni ya Kijapani ya Nippon Kogaku, ambazo alikuwa amezifahamu muda mfupi tu kabla ya hapo akiwa Tokyo, na picha alizozituma ndizo zilizowafumbua macho wahariri wa New York kwamba Wajapani wanatengeneza lenzi za kushindana na za Wajerumani.

Mwongozo huu unahusu kamera iliyojengwa juu ya sifa hiyo, yaani Nikon F, ambayo kampuni ya Nippon Kogaku iliiingiza sokoni mwaka 1959 na kuendelea kuitengeneza hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Nimeichagua nikimfikiria msomaji anayetaka kupiga picha, si anayetaka pambo la kabatini. Speed Graphic bado inafanya kazi, lakini kila picha moja ni kipande kizima cha filamu na gharama yake haivumiliki kwa anayejifunza. Contax II ni nzuri sana mkononi, ila pazia lake, linalofungua na kufunga njia ya mwanga kwenda kwenye filamu, ni la vipande vya chuma na huvutwa na tepe nyembamba za hariri, na tepe hizo zikikatika utatafuta fundi anayezifahamu kwa muda mrefu. Leica haina kasoro hiyo, lakini bei yake imepanda mno. Nikon F zilitengenezwa zaidi ya 800,000, hivyo bado zinapatikana, vipuri vyake vinapatikana kutoka kwa kamera zilizokufa, na lenzi zake ni nyingi kuliko za kamera nyingine yoyote ya enzi hiyo.

Jambo lililowavuta wapigapicha wa Vietnam ni kwamba katika Nikon F jicho huona kupitia lenzi ileile itakayopiga picha. Mwanga unaingia kwenye lenzi, unagonga kioo kilichoinamishwa ndani, unapanda juu hadi kwenye prizimu, kisha unafika jichoni. Unapobonyeza kitufe, kioo kinaruka juu, pazia linafunguka, filamu inapata mwanga wake, na kioo kinarudi chini mara moja. Leica haikuwapa hilo, kwa sababu dirisha lake la kuchungulia liko pembeni mwa lenzi, na kwa lenzi ndefu dirisha la aina hiyo ni taabu. Ndiyo maana wengi wao, Larry Burrows akiwa mmojawapo, walikwenda uwanjani na kamera kadhaa shingoni, mara nyingi Leica yenye lenzi pana na Nikon yenye lenzi ndefu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na muda wa kubadilisha lenzi helikopta ikiwa inatua. Zaidi ya hayo, unachokiona kwenye Nikon F ni asilimia 100 ya kitakachoingia kwenye picha, jambo ambalo kamera nyingi za kioo za bei ya kati zilizofuata hazikuweza kulidai.

Kabla ya kulipa

Usilipe hata senti moja ya ziada kwa ajili ya hadithi. Utakutana na muuzaji atakayekuambia kuwa kamera yake ilikuwa Saigon, Vietnam, na atakuonyesha rangi nyeusi iliyochubuka hadi shaba ya chini inaonekana, lakini kuchubuka kwa rangi kunaweza kuletwa na mkoba wa mwalimu aliyestaafu sawasawa na kunavyoweza kuletwa na mkoba wa mpigapicha wa vita. Bila barua, hati ya ununuzi, picha ya mwenyewe akiwa na kamera yenye namba hiyohiyo, au ushahidi mwingine unaoweza kuuthibitisha, hiyo ni Nikon F ya kawaida. Kuna pia wanaopaka upya rangi nyeusi bodi zilizotoka kiwandani zikiwa na rangi ya fedha, kwa sababu nyeusi za asili huuzwa ghali. Angalia ndani ya mifereji ya skrubu na pembezoni mwa maandishi, ambako rangi ya pili hujikusanya na kujifichua.

Namba iliyochongwa juu ya bodi nayo husomwa vibaya. Nikon F za kwanza kabisa za mwaka 1959 zilianza na 6400001, kwa hiyo tarakimu 64 mwanzoni hazimaanishi kwamba kamera ilitengenezwa mwaka 1964, na anayekuambia hivyo ama hajui ama anategemea wewe usijue. Zilizotangulia zina nembo ya Nippon Kogaku juu ya bodi, na kuanzia katikati ya miaka ya 1960 nembo hiyo ikaachia nafasi jina la Nikon. Za mwishoni kabisa zina ncha ya plastiki kwenye kishikio cha kusogezea filamu. Kwa upigaji picha tofauti hizi hazina uzito wowote. Chagua iliyo nzima.

Uamuzi wenye maana zaidi ni wa kichwa cha juu. Nikon F iliuzwa ama na prizimu tupu isiyo na mita ya mwanga, ama na kichwa kikubwa kiitwacho Photomic chenye mita ndani yake. Photomic ya kwanza ilitoka mwaka 1962, iliyopima mwanga kupitia lenzi ikafuata mwaka 1965, na FTn, ambayo ndiyo unayoweza kukutana nayo kwa urahisi, ikatoka mwaka 1968. Mita hizi zimezeeka, na betri zake za zebaki za volti 1.35 haziruhusiwi tena kuuzwa katika nchi nyingi. Ukipata FTn ambayo mita yake bado inapumua, betri za vifaa vya kusikia za namba 675, zenye volti 1.4, zikizungushiwa pete ndogo ili zikae sawa, hutoa vipimo vya kuaminika kwa wiki kadhaa. Ushauri wangu lakini ni kwamba mita ihesabiwe kuwa imekufa tangu siku ya kununua. Bodi yenyewe haihitaji betri hata moja ili kupiga picha, na kichwa chenye mita iliyokufa kinaendelea kukuonyesha picha vizuri kabisa, huku bei ikishuka kwa sababu yake. Prizimu tupu inapendeza kuliko Photomic, ni nyepesi, na leo inauzwa ghali kwa sababu hiyohiyo ya kupendeza.

Achana na mota ya kusogezea filamu, F-36, hata ukiionea fahari kwenye picha za zamani. Ilibidi kila mota irekebishwe ilingane na bodi yake, na mota iliyotenganishwa na bodi yake inaweza kuiharibu nyingine.

Kuikagua mkononi

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo wanunuzi wengi wanapofanya haraka. Omba ukae na kamera kwa dakika 20 mahali penye mwanga, ukiwa na tochi ndogo. Kama muuzaji yuko mbali, mwombe akufanyie majaribio haya mbele ya video, na asipokubali, tafuta mwingine.

Anza kwa kuitoa lenzi na kufungua nyuma. Chini ya bodi kuna ufunguo wenye herufi O na C. Uzungushe kwenye O, kisha mgongo wote pamoja na sakafu ya kamera utateleza kuelekea chini na kutoka mzima. Tazama pazia. Katika Nikon F karibu zote pazia ni karatasi nyembamba ya titani, si kitambaa, na mikunjo midogo juu yake ni ya kawaida. Mpasuko, tundu au kona iliyopinda si ya kawaida. Titani hii ndiyo inayoifanya Nikon F isiogope jua la kwetu kama kamera zenye pazia la kitambaa, ambazo ukiziacha zikitazama jua bila kifuniko cha lenzi, pazia linaweza kutobolewa kwa joto lililokusanywa na lenzi.

Sasa vuta kishikio cha kusogezea filamu hadi mwisho na upige katika kila kasi, yaani muda ambao pazia linakaa wazi, ukianza na sekunde 1. Sikiliza. Sekunde 1 inapaswa kuwa sekunde moja kwa saa ya mkononi, nusu sekunde iwe nusu yake, na mlio wa magurudumu madogo ndani uende sawasawa bila kusita. Kasi za polepole ndizo zinazotangulia kuugua, kwa kuwa grisi iliyokaa zaidi ya nusu karne hugeuka gundi. Kasi za polepole zikikwama lakini za juu zikawa sawa, kamera bado inafaa na fundi anaweza kuisafisha, ila bei iteremke ipasavyo. Kwa kasi ya 1/1000 elekeza kamera kwenye ukuta mweupe wenye jua, ichungulie kutoka nyuma na upige: unatakiwa kuona mstatili wa mwanga ulio sawa pande zote. Upande mmoja ukiwa giza, mapazia mawili hayaendi kwa mwendo mmoja, na hitilafu hiyo ni ya kuikimbia.

Hakikisha kioo kinarudi chini mara moja baada ya kila pigo, kisha kagua sponji iliyo juu yake, inayopokea kishindo chake. Sponji hiyo huoza na kuwa kama lami. Kuibadilisha ni kazi ndogo, lakini vipande vyake vikidondokea kwenye kioo cha kulenga vitakusumbua machoni. Madoa meusi unayoyaona ndani ya prizimu hayaingii kwenye picha, basi yatumie kupunguza bei tu. Usiuguse mkono wa kujipigia picha wenyewe ulio mbele ya bodi. Wa zamani hukwama katikati, na unaweza kuikwamisha kamera nzima mkononi mwa muuzaji.

Lenzi ipewe muda wake peke yake. Fungua tundu lake lote, yaani nafasi inayopitisha mwanga, washa tochi upande mmoja na uchungulie upande wa pili kwa pembe. Vumbi kidogo halidhuru. Kinachodhuru ni kuvu, ambao huonekana kama nyuzi za utando wa buibui, na anayeishi Mombasa, Tanga, Unguja au Dar es Salaam anajua jinsi unyevu wa pwani unavyoulisha. Kuvu wa pembeni uliokauka unaweza kuvumilika. Uliotanda katikati umeshakula vioo. Halafu tazama majani ya chuma yanayofunga tundu: yawe makavu na yajibu papo hapo, kwa maana majani yenye mafuta huchelewa kufunga na picha hupata mwanga kupita kiasi. Kwa lenzi ya kwanza ningechukua Nikkor ya milimita 50 yenye f/2 (namba ya f hutaja ukubwa wa tundu, na ikiwa ndogo tundu ni kubwa), kwa kuwa ni imara na bei yake ni nafuu, kisha baadaye ya milimita 35 kwa mitaani na ya milimita 105 yenye f/2.5 kwa sura za watu. Jihadhari kidogo: lenzi hizi za zamani ambazo hazijafanyiwa marekebisho zinaweza kuvunja kijino kwenye Nikon nyingi za baadaye, basi usizijaribu kwenye kamera yako ya dijitali kabla ya kuuliza.

Kuna simulizi maarufu, na ni ya kweli, ya Don McCullin, mpigapicha wa vita Mwingereza, ambaye Nikon F yake ilizuia risasi huko Kambodia. Uimara huo ni wa chuma cha bodi. Ndani kuna mamia ya sehemu ndogo zinazohitaji usafi na mafuta mapya kama saa ya ukutani, na ukinunua kamera isiyojulikana ilihudumiwa lini, tenga fedha ya fundi tangu mwanzo.

Kupakia mkanda

Pakia kivulini, hata kama kivuli chenyewe ni cha mwili wako. Hakikisha pete inayozunguka kitufe cha kupigia iko kwenye herufi A, kisha toa mgongo wa kamera na uuweke mahali utakapouona. Wapigapicha waliokuwa wakipakia wakiwa wamelala kwenye matope waliulalamikia mgongo huu unaotoka mzima, kwa kuwa ulihitaji mkono wa tatu, na Nikon F2 iliyofuata ilipewa mgongo wa bawaba. Weka kopo la filamu upande wa kushoto, vuta ulimi wa filamu hadi kwenye spuli ya kulia na uuingize kwenye mfereji wake. Sogeza kishikio polepole mpaka meno yashike matundu ya filamu pande zote mbili, juu na chini. Usirudishe mgongo kabla ya kuyaona meno yameshika pande zote mbili.

Ukishafunga na kuuzungusha ufunguo kwenye C, kunjua kile kishikio kidogo cha kurudishia filamu na ukizungushe taratibu kwa mwelekeo wa mshale hadi uhisi filamu imekaza. Piga mara mbili au tatu ili kupita sehemu iliyoona mwanga, na kila unaposogeza filamu tazama kirungu cha kurudishia: kinapaswa kuzunguka chenyewe. Kisipozunguka, ulimi umechomoka na unapiga hewa. Niliwahi kupoteza harusi nzima ya ndugu yangu kwa kutokitazama kirungu hicho, na tangu siku hiyo jicho langu huenda pale bila kuambiwa.

Ukiwa na kichwa cha FTn kinachofanya kazi, lenzi ina hatua moja zaidi. Weka pete ya tundu kwenye f/5.6 kabla ya kuifunga, ili ule uma mdogo wa chuma juu ya pete ushike kijiti cha mita, kisha zungusha pete hadi mwisho upande mmoja na hadi mwisho upande wa pili. Bila hatua hiyo mita haijui lenzi yako inafunguka kiasi gani.

Kupima mwanga bila mita

Rosenthal alisimulia kwamba picha ya Iwo Jima aliipiga kwa kasi ya 1/400, tundu likiwa kati ya f/8 na f/11. Hakuwa na muda wa kupima kitu. Alilijua jua la pale, akaiweka kamera tayari kabla ya tukio. Uwezo huo unafundishika, na mimi nauhesabu kuwa ndio moyo wa kutumia kamera hizi.

Kanuni ni hii: kwenye jua kali, weka tundu kwenye f/16 na kasi iliyo karibu zaidi na namba ya filamu, inayoandikwa kwenye kopo kuonyesha wepesi wake wa kupokea mwanga. Ukiwa na filamu ya 400, kama Kodak Tri-X ambayo kwa mkanda wa milimita 35 ilianza kuuzwa mwaka 1954 na ndiyo iliyobebwa sana Vietnam, weka 1/500. Jua likipita kwenye wingu jepesi na vivuli vikaanza kulainika, fungua hadi f/11; vivuli vikipotea kabisa, f/8; na chini ya mwembe au kwenye baraza lenye mwanga wa nje, anza na f/5.6 au hata f/4. Kila hatua moja ya tundu ni sawa na hatua moja ya kasi, kwa hiyo 1/500 kwa f/16 na 1/1000 kwa f/11 ni mwanga uleule, na unachochagua ni kama unataka kusimamisha mwendo au kupata umbali mrefu ulio wazi.

Kanuni hiyo inahitaji marekebisho mawili kwetu. La kwanza, hapa karibu na Ikweta jua la saa sita mchana liko juu ya utosi, na uso wa mtu aliyevaa kofia au kilemba unabaki gizani hata kama barabara yote inang'aa. Ukifuata f/16 utapata shati zuri na macho meusi tii. Fungua hatua moja au moja na nusu. La pili ni rangi ya ngozi zetu: uso mweusi unahitaji mwanga wa kutosha kwenye filamu ili mikunjo na macho visimulie kitu, na filamu ya negativu husamehe mwanga uliozidi kuliko uliopungua. Ukisita kati ya tundu mbili, chagua lililo wazi zaidi.

Jizoeze bila filamu. Toka nje asubuhi, saa sita na jioni, taja tundu na kasi kwa sauti, kisha hakikisha kwa mita ya kwenye simu. Baada ya wiki tatu hivi utakuwa unakosea kwa nusu hatua tu.

Kuweka umbali mapema

Kuzungusha lenzi huku ukitafuta mahali penye ukali ni sawa kwa mtu aliyekaa. Kwa kinachokimbia, wapigapicha wa habari waliweka umbali kabla, wakaliachia tundu dogo lifanye kazi iliyobaki. Chukua lenzi ya milimita 35, weka tundu kwenye f/11 na umbali kwenye mita 4: kila kitu kuanzia karibu mita 2 hadi upeo wa macho kitakuwa wazi vya kutosha, na hutagusa tena pete ya umbali siku nzima. Lenzi ya milimita 50 haikupi nafasi kubwa hivyo. Kwa f/8 na umbali wa mita 5 unapata kuanzia kama mita 3 na nusu hadi 9 na nusu, jambo linalotosha kwa maandamano au gwaride ukishajua utasimama wapi. Mistari iliyochorwa kwenye lenzi za Nikkor, kila mmoja kwa rangi ya namba ya tundu lake, inakuonyesha mipaka hii bila hesabu yoyote.

Flashi nitaigusa tu: kasi isizidi 1/60, la sivyo nusu ya picha itakuwa giza. Na kwa kuwa kamera kubwa ya chuma huvuta macho, kumbuka kwamba kambi za jeshi na maeneo mengine ya ulinzi hayapigwi picha, iwe kwa kamera ya mwaka 1959 au kwa simu.

Kutoa mkanda na kuusafisha

Kishikio kikigoma baada ya picha ya 36, usikilazimishe, kwa sababu filamu inaweza kuchanika ndani. Zungusha pete ya kitufe kwenye R, kunjua kishikio cha kurudishia na uzungushe taratibu mpaka uhisi mkono umekuwa mwepesi ghafla. Hapo ndipo ufungue mgongo.

Kusafisha filamu nyeusi na nyeupe nyumbani hakuhitaji chumba cha giza kamili. Unahitaji mfuko mweusi wa kuingizia mikono ili kuipakia filamu ndani ya tangi, kipimajoto, saa na dawa. Kwa Tri-X 400 katika dawa ya D-76 iliyochanganywa na maji sawa kwa sawa, muda ni dakika 9 na sekunde 45 kwa nyuzijoto 20, ukilipindua tangi kwa sekunde 30 za mwanzo na kisha kwa sekunde 5 katika kila nusu dakika. Tatizo la pwani ni hizo nyuzi 20, kwa kuwa maji ya bomba yanaweza kutoka yakiwa karibu 30, na kwa joto hilo filamu huiva kupita kiasi kabla hujamaliza kuhesabu. Weka chupa za dawa zote ndani ya beseni lenye maji na vipande vya barafu hadi kipimajoto kifike 20, na maji ya kusuuzia nayo yakaribie hapo. Ukimaliza dawa ya kwanza, suuza, weka dawa ya kukaza kwa muda ulioandikwa kwenye chupa yake, kisha osha vizuri na uning'inize mahali pasipo vumbi.

Usiharakishe kukausha. Picha za Capa za Normandy zilizobaki hazifiki kumi na mbili, na kwa miaka mingi ilisimuliwa kwamba nyingine ziliyeyuka kwenye kabati la kukaushia huko London, simulizi ambayo baadaye watafiti waliipinga kwa hoja nzito. Lolote lililotokea kule, hewa tulivu ya bafuni iliyokwisha kumwagiwa maji ya moto ili vumbi litulie ndiyo kikaushio salama kuliko vyote.

Kuitunza

Usiihifadhi kamera ndani ya mkoba wake wa ngozi, kwa kuwa ngozi hushika unyevu na kuvu hupata makao. Iweke kwenye sanduku la plastiki linalofungika vizuri pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, na uvibadilishe au uvikaushe kila baada ya miezi michache. Iache ikiwa imeshapigwa, si imevutwa tayari, ili springi zipumzike, na walau mara moja kwa mwezi ipige katika kasi zote. Filamu ambazo hujazitumia zikae kwenye jokofu, lakini zitoe saa moja au mbili kabla ya kufungua kopo, la sivyo jasho la baridi litaganda juu yake. Uwanja wa ndege waombe maofisa waikague kwa mkono, kwa sababu mashine mpya za uchunguzi zina miale mikali inayoweza kuiharibu filamu kwa mpito mmoja.

Negativu zilizokauka zikate vipande vya picha sita sita, ziingize kwenye bahasha zake na uandike tarehe, mahali na majina ya walio kwenye picha siku hiyohiyo. Wapigapicha wa Vietnam walilazimika kufanya hivyo kwa kila mkanda, kwani filamu iliondoka Saigon kwa ndege na mhariri aliyekuwa mbali hakuwa na njia nyingine ya kujua alichokuwa akikitazama. Mkenya Priya Ramrakha, aliyezifanyia kazi Time na Life na kuuawa Biafra, nchini Nigeria, tarehe 2 Oktoba 1968 akiwa na umri wa miaka 33, aliacha maelfu ya picha, na sehemu kubwa ya hazina hiyo ilikaa bila kuonekana hadi ilipopatikana Nairobi miongo kadhaa baada ya kifo chake. Andika kwa penseli au kwa wino usiofutika na maji, juu ya bahasha na kamwe si juu ya filamu, na uanze na namba ya mkanda.